Photoshop, GIMP, Affinity, Siril au PixInsight: ipi imfae mpiga picha za nyota, na nini kiboreshwe katika kila moja

Picha ya nebula, yaani wingu la gesi na vumbi angani, inapotoka kwenye kamera huwa nyeusi karibu yote. Nyota chache zinang'aa, na kila kitu kingine ulichokesha ukikitafuta kimejibana kwenye ncha ya kushoto ya histogramu, ile grafu inayoonyesha ni pikseli ngapi zina mwangaza wa kiasi gani, giza likiwa kushoto. Photoshop, GIMP na Affinity zilitengenezwa kwa ajili ya sura za watu, bidhaa na mandhari ya mchana, ambako ncha ile ni kivuli tu. Siril, PixInsight na DeepSkyStacker zilitengenezwa na watu waliojua kwamba picha yenyewe imo humo kivulini. Tofauti nyingi utakazoziona hapa chini chanzo chake ni hicho.

Kwa hiyo sitahesabu programu ipi ina vifaa vingi. Nitaangalia kila moja inakueleza kwa uwazi kiasi gani ilichoufanya mwanga uliokusanya. Palipo na pengo nitasema ningependa watengenezaji waongeze nini, maana sauti ya wapiga picha za nyota ni ndogo kando ya ile ya wapiga picha za harusi na matangazo, na tusiposema hakuna atakayetusemea.

Kurundika fremu

Fremu moja haitoshi. Ukirundika fremu 100 za eneo lile lile la anga, uwiano wa mwanga halisi dhidi ya chembechembe (madoa ya kubahatisha yanayochafua picha) unapanda mara 10. Ukirundika 25, unapanda mara 5. Ni kipeuo cha pili cha idadi ya fremu. Hakuna kitelezi chochote cha kupunguza chembechembe kinachoweza kukupa hicho baadaye, na ndiyo maana ningemshauri mtu achague kwanza programu ya kurundikia, ile ya kupambia ifuate.

DeepSkyStacker ni ya bure na inafanya kazi hii moja vizuri. Inatambua nyota katika kila fremu, inaipa fremu alama kulingana na ubora wake, inazipanga zote zilingane, kisha inakataa pikseli zilizoachana mno na wenzake. Hivyo ndivyo mstari wa setilaiti au ndege unavyotoweka bila wewe kuufuta kwa mkono. Vifaa vyake vya kunyanyua mwangaza ni dhaifu. Hifadhi matokeo kama TIFF ya biti 32 uhamie kwingine.

Siril nayo ni ya bure, tena ni programu huria, na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Unatengeneza folda nne zenye majina lights, darks, flats na biases. Ya kwanza ni ya fremu za anga. Ya pili ni ya fremu zilizopigwa lenzi ikiwa imefunikwa, kwa muda ule ule na joto lile lile. Ya tatu ni ya fremu za uso mweupe wenye mwanga sawa. Ya nne ni ya fremu za muda mfupi kabisa ambao kamera inauweza. Kisha unaendesha skripti moja, na kila amri inayotekelezwa inaandikwa kwenye dirisha la kumbukumbu. Mtu akikuuliza picha yako ilitengenezwaje, jibu limo humo.

Lalamiko langu kwa Siril ni nafasi ya diski. Fremu ya kamera ya megapikseli 24, ikishageuzwa kuwa rangi tatu za biti 32, inakula takriban megabaiti 288. Fremu 100 ni karibu gigabaiti 29, na hiyo ni hatua moja tu, kwa sababu kila hatua inaweza kuandika mfuatano mpya wa mafaili. Unaweza kuchagua biti 16 ukapunguza nusu, lakini mwenye kompyuta ndogo bado atakwama katikati ya kazi. Ningependa ikadirie nafasi itakayohitajika kwa skripti nzima kabla haijaanza, na iulize kama mafaili ya kati yafutwe kadiri inavyosonga mbele.

PixInsight, ya kampuni ya Kihispania Pleiades Astrophoto, ndiyo yenye nguvu zaidi hapa. Skripti yake ya kurekebisha na kurundika fremu, iitwayo WBPP, inaipa kila fremu uzito kulingana na ubora wake, inasawazisha tofauti za mwangaza kati ya usiku mmoja na mwingine, na inaacha maelezo marefu ya yote iliyoyafanya. Kama una data ya usiku mwingi au umetumia filta kadhaa, utaona tofauti.

Affinity Photo ilipata sehemu maalumu ya kurundika picha za anga katika toleo la 1.9 la mwaka 2021, na kati ya programu za kawaida za picha ndiyo pekee niionayo kuwa imetufikiria sisi kwa dhati. Inapokea fremu za anga na za urekebishaji (yaani darks, flats na biases), inafungua FITS, aina ya faili la picha za astronomia, na inakukabidhi picha ya biti 32. Inakosa maelezo tu. Ikikataa fremu au pikseli, sababu zake hazionekani vya kutosha. Siril na PixInsight zinaweza kukutengenezea ramani ya pikseli zilizokataliwa, na ramani hiyo inakuonyesha kwa jicho moja kama ni setilaiti iliyoondolewa au ni kingo za nyota zako. Affinity ikiongeza ramani kama hiyo, itakuwa na hoja kubwa mbele ya anayeanza.

Photoshop inaweza kurundika kwa kutafuta thamani ya kati ya tabaka nyingi, lakini upangaji wake wa tabaka ulitungwa kwa mandhari na majengo, mahali ambapo kuna kingo za kushika. Ukiipa anga lenye vidoa tupu inahangaika. GIMP haina chombo cha kazi hii kabisa. Usirundike humo.

Kwa sayari na Mwezi hadithi ni nyingine: unapiga video, kisha AutoStakkert inachagua fremu ambazo hewa ilikuwa imetulia na kuzirundika. Chagua hiyo, usisumbuke kulinganisha.

Biti, na histogramu isiyovutika

Kamera nyingi zenye lenzi za kubadilishwa huhifadhi faili ghafi la biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwangaza kwa kila pikseli. Picha ya JPEG ina ngazi 256 kwa kila rangi. Ukinyanyua mwangaza wa nebula kutoka kwenye JPEG, ngazi zilizobaki kule gizani ni chache mno na anga linakatika vipande vipande kama ngazi za nyumba. Huo si upungufu wa programu yoyote. Data haimo.

Baada ya kurundika, ngazi zinaongezeka kupita zile za kamera yenyewe, kwa hiyo unataka biti 32 mpaka umalize kunyanyua mwangaza. Siril na PixInsight zinakaa humo tangu mwanzo. Affinity inafanya kazi nyingi katika biti 32 bila kulalamika. GIMP imepata biti 16 na 32 tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018. Photoshop inafungua biti 32, ila vifaa na vichujio vyake vingi havifanyi kazi humo, na ile inayoitwa biti 16 ndani yake kwa kweli ina ngazi 32,769 badala ya 65,536. Kwa picha ya harusi hakuna atakayeona. Kwa mkono hafifu wa galaksi, ukinyanyua mara nyingi mfululizo, tofauti inaweza kujitokeza. Ombi langu kwa Photoshop ni la wazi: vifaa vya msingi vya toni na maski (kifuniko kinachoamua sehemu gani ya picha ibadilishwe) vifanye kazi kikamilifu katika biti 32.

Lipo jingine dogo zaidi, nami nalitaka zaidi. Katika programu za kawaida huwezi kuivuta histogramu ukaikaribia. Data yetu yote iko ndani ya mstari mwembamba upande wa kushoto, na unatakiwa uweke nukta ya mstari wa toni (curves) mahali hapo kwa kubahatisha. PixInsight inakuruhusu kuivuta histogramu mara nyingi upendavyo; Siril nayo pia. GIMP inaweza angalau kuionyesha kwa kipimo cha logariti, na hilo linasaidia. Kuiga chombo hiki kusingewagharimu watengenezaji wa programu za kawaida mapinduzi yoyote, na kungemfaa kila anayefanya kazi gizani, hata mpiga picha za mji usiku.

Pamoja nalo ningeongeza onyo la weusi uliokatwa, kwa kila rangi peke yake. Siyo alama moja ya "kivuli kimepotea", bali: rangi nyekundu imepoteza asilimia kadhaa ya pikseli zake. Nebula nyingi zinang'aa kwa hidrojeni katika mawimbi ya nanomita 656.3, nyekundu iliyokolea, na hiyo ndiyo rangi ambayo filta iliyo mbele ya sensa ya kamera ya kawaida huizuia kwa sehemu kubwa. Kidogo kilichopenya hakipaswi kukatwa kimyakimya na kitelezi.

Mteremko wa mwanga

Taa za mji, Mwezi, na lenzi yenyewe huacha anga likiwa na mwanga zaidi upande mmoja. Ukinyanyua mwangaza kabla ya kuondoa mteremko huo, unaunyanyua nao.

Siril inakuwekea vituo vya sampuli juu ya anga tupu, inachora umbo la mteremko na kuutoa. PixInsight inafanya hivyo kwa njia kadhaa na kwa udhibiti mwingi. GraXpert, programu huria ya bure inayosimama peke yake, inaweza kufanya kwa vituo au kwa akili mnemba, na kwa anayeanza mara nyingi inatosha. Affinity ina kichujio chake cha kuondoa mandharinyuma: unagusa sehemu chache na mteremko unapungua.

Katika Photoshop na GIMP unabaki kutengeneza tabaka lililofifishwa mno kisha kulitoa kutoka kwa picha. Linafanya kazi pale ambapo kitu chako ni kidogo katikati ya fremu. Galaksi ya Andromeda ina upana wa nyuzi karibu 3 angani, mara sita hivi ya upana wa Mwezi mpevu, na ikijaza fremu yako, tabaka lile litakula mwanga wa galaksi yenyewe likidhani ni taa za mji. Hapo sina ushauri wa kati: fanya hatua hii nje ya Photoshop na GIMP.

Ninachosifu kwa GraXpert na PixInsight ni kwamba zinakupa mteremko ulioondolewa kama picha ya pekee. Ifungue. Ukiona ndani yake umbo la nebula yako, umeondoa sana. Rudi ukasogeze vituo. Naomba kila programu itoe picha hiyo bila kuombwa.

Rangi za nyota

Katika programu za kawaida unachukua kitone cha kupimia weupe na kugusa kitu cheupe au cha kijivu. Angani hakipo. Ukigusa anga tupu unasawazisha rangi ya uchafuzi wa mwanga, na nyota zinachukua rangi ambazo hazikuwa zake.

PixInsight na Siril zinatambua ni sehemu gani ya anga uliyopiga, zinatafuta nyota zako katika katalogi, na kulinganisha rangi ulizopata na rangi zilizopimwa. PixInsight inatumia data ya Gaia, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya kilichorushwa mwaka 2013. Unachagua pia nini kihesabiwe kuwa cheupe: galaksi ya wastani yenye mikono iliyojizungusha, au nyota ya aina ya Jua letu. Uchaguzi huo unabadilisha picha, na ni vizuri kwamba programu inakutaka uufanye wewe badala ya kuuficha.

Hapa programu za kawaida zimeachwa mbali, na sidhani zitafika karibuni. Basi sawazisha rangi kabla ya kuingia humo, kisha ukiwa ndani ongeza ukolezi wa rangi taratibu bila kugusa tena usawa wa weupe.

Akili mnemba, na haki ya kuona kilichobadilika

Kuna programu zinazotenganisha nyota na nebula ili uzishughulikie kila moja peke yake. StarNet ni ya bure na Siril inaweza kuiita ndani yake. StarXTerminator, NoiseXTerminator na BlurXTerminator za Russell Croman ni za kulipia. Hii ya mwisho hukaza nyota na maumbo madogo madogo kwa namna ambayo kabla yake ilidai subira kubwa na ujuzi mwingi. Zote zilifunzwa kwa picha za anga.

Zile za kupunguza chembechembe zilizomo katika programu za kawaida zilifunzwa zaidi kwa vitu vya duniani. Zikikutana na vumbi hafifu la Njia Nyeupe, zinaweza kulisugua likawa laini kama plastiki, au kuunganisha chembechembe zikawa nyuzi zinazofanana na maumbo halisi. Kwa picha ya ndege hilo ni suala la ladha. Kwetu linagusa ukweli: mtu atatazama nyuzi zile akaamini ziko angani.

Ombi langu kubwa kuliko yote katika ulinganisho huu liko hapa, na linaielekea kila programu, ya bure na ya kulipia. Kila kichujio cha akili mnemba kiwe na kitufe kimoja cha kuonyesha tofauti: picha ya awali ukitoa picha mpya, ikinyanyuliwa ionekane. Baada ya kupunguza chembechembe, tofauti hiyo inapaswa kuwa chembechembe tupu, zimetawanyika bila mpango. Ukiona humo duara za nyota au mkondo wa nebula, kichujio kimekula data. Leo unaweza kuifanya mwenyewe: katika Photoshop, GIMP au Affinity weka picha mbili kama tabaka na uchague hali ya tofauti, katika Siril na PixInsight tumia hesabu za pikseli. Wengi hawafanyi kwa sababu ni hatua za ziada. Kitufe kingeifanya kuwa mazoea.

Na kwa programu za kufungulia faili ghafi: ziache kurekebisha bila ruhusa. Baadhi hufuta pikseli zinazong'aa peke yake zikidhani ni kasoro za sensa, na nyota ndogo kali inafanana sana na kasoro. Nyingine hurekebisha weusi wa pembe za lenzi papo hapo, kisha fremu zako za mwanga sawa zinarekebisha tena kitu kile kile na pembe zinang'aa kupita kiasi. Kuwe na hali moja ya "usiguse chochote", yenye jina linaloeleweka, mahali panapoonekana.

Kurudi nyuma na kujifunza

Tabaka na maski ndilo eneo ambalo programu za kawaida zinashinda waziwazi. Unataka kung'arisha kiini cha Nebula ya Orion kidogo kuliko mabawa yake? Katika Photoshop au Affinity unachora maski kwa brashi, unaiona, unairekebisha kesho. GIMP 3.0, iliyotoka Machi 2025, imeleta vichujio unavyoweza kuvibadilisha baada ya kuviweka, jambo tulilolisubiri kwa miaka mingi. Siril ni dhaifu hapa. Ukishatekeleza hatua, unachoweza ni kuirudisha au kuiacha. Ningependa sana orodha ya hatua inayoweza kufunguliwa na kubadilishwa katikati.

PixInsight ina historia kamili ya kila picha na mradi unaohifadhiwa wote. Lakini mlango wake ni mzito. Mchakato unautekeleza kwa kuburuta pembetatu ndogo iliyo pembeni ya dirisha, na hakuna kitu kwenye skrini kinachomwambia mgeni hivyo. Michakato kadhaa haina maelezo ya kutosha, hivyo mtu anajifunza kwa kuiga thamani za wengine bila kujua zinafanya nini. Programu inayoheshimu data kiasi hicho ingestahili kumheshimu na anayeishika: maelezo mafupi kwa kila kitelezi, na mfano wa kabla na baada.

Ombi litakalosikika

Aina ya programu inaamua pia njia ya kuiboresha. Siril na GIMP zinapokea maombi hadharani kwenye GitLab, jukwaa la mtandaoni la kutengenezea programu, na unaweza kufuatilia yamefikia wapi. Siril 1.4 inapokea skripti za Python na PixInsight zile za JavaScript. Kwa hiyo mwenye ujuzi kidogo wa kuandika programu anaweza kujitengenezea kinachokosekana na kuwagawia wengine. Katika Photoshop na Affinity unapeleka ombi kwa kampuni na kusubiri.

Popote unapopeleka, usiandike "ongezeni vifaa vya astronomia". Andika tatizo moja, taja hatua uliyokwama, ambatanisha faili ghafi na picha ya matokeo, na ueleze ni nani mwingine atanufaika. Histogramu ya kuvutwa ina nafasi nzuri ya kukubaliwa kwa sababu inamfaa kila mtu. Katalogi ya nyota ndani ya Photoshop haina.

Ningechagua nini

Kwa anayeanza bila bajeti: Siril kwa kurundika, mteremko na rangi, GraXpert kama mteremko umekushinda, kisha GIMP kwa maski na ukolezi. Mkusanyiko huo haugharimu kitu na hauna hatua muhimu inayokosekana.

Kwa asiyependa kuhama kati ya programu, na ambaye kompyuta yake ni ya Windows au macOS: Affinity. Tangu mwishoni mwa 2025 inatolewa bure chini ya Canva. Matokeo hayatafikia ya Siril katika rangi, lakini utamaliza picha ndani ya dirisha moja.

Photoshop ningeibakiza kwa yule ambaye tayari anailipia kwa kazi nyingine. Kuanza kulipa kila mwezi kwa ajili ya nyota tu sioni sababu.

PixInsight ni kwa mwenye data nyingi, filta kadhaa, na hamu ya kuelewa kila hatua. Leseni yake inanunuliwa mara moja, na kuna majaribio ya siku 45. Usiombe majaribio hayo majira ya mawingu: kwanza kusanya fremu za vitu viwili vitatu pamoja na fremu zote za urekebishaji, zimalize katika Siril, kisha uanze kuhesabu siku zako ukiwa na picha za kulinganishia.